Nyumba Rahisi Isiyo Rahisi: Kushuka kwa Bei na Uwezo wa Mnunuzi wa Kwanza Kona ya Musa

Utangulizi

Neno rahisi katika Kiswahili lina maana mbili zinazokaribiana sana. Hutumiwa kueleza kitu chenye bei ndogo na hutumiwa vilevile kueleza jambo lisilo gumu kutenda. Katika mazungumzo ya kila siku maana hizi hukaa pamoja bila kugombana, kwani embe zikiwa rahisi sokoni, kuzipata nako huwa rahisi. Hata hivyo, ipo bidhaa ambayo huzitenganisha maana hizi mbili na wakati mwingine kuzipinganisha kabisa. Bidhaa hiyo ni nyumba. Nyumba inaweza kuwa rahisi kwa bei na papo hapo ikawa ngumu mno kupatikana, hasa kwa mtu ambaye hajawahi kumiliki nyingine kabla yake.

Makala haya yanachunguza iwapo kushuka kwa bei ya nyumba humwezesha mnunuzi wa mara ya kwanza kununua. Mfano unaotumiwa ni Kona ya Musa, mtaa ulio katika eneo la Ukunda na Diani, Kaunti ya Kwale. Hoja kuu ni kwamba kinachoshusha bei ya nyumba katika mahali kama hapa, kwa kawaida, ndicho hicho kinachompunguzia kipato yule anayetaka kuinunua. Bei na uwezo wake huteremka pamoja, na mara nyingi uwezo ndio unaotangulia.

Kona ya Musa na riziki ya msimu

Kona ya Musa si mtaa wa ufuoni. Hoteli na majumba ya kifahari ya Diani yametazama bahari, ilhali Kona ya Musa ni miongoni mwa mitaa ambamo wanalala wale wanaozihudumia hoteli hizo: wapishi, wahudumu wa vyumba, walinzi, madereva wa tuktuk, waendesha bodaboda, mafundi wa ujenzi na akina mama wafanyao biashara ndogondogo. Humo wanaishi Wadigo, wenyeji wa pwani ya kusini, pamoja na watu waliotoka bara na sehemu nyingine za pwani kufuata kazi. Walio wengi miongoni mwa wageni hao ni wapangaji wa chumba kimoja au viwili.

Riziki ya watu hawa hufuata pepo. Msimu wa kaskazi huleta watalii wengi, hasa kuanzia Desemba. Kusi ikianza na mvua za masika zikanyesha kati ya Aprili na Juni, hoteli hupunguza vibarua, na mwenye kandarasi ya msimu hurudi nyumbani kusubiri simu. Kwa sababu hiyo mtu anaweza kufanya kazi miaka kumi Diani bila kupata miezi kumi na miwili mfululizo ya hati za mshahara, ambazo ndizo benki huziulizia kwanza.

Bei ya nyumba hushukaje?

Nyumba haiharibiki sokoni kama samaki. Mwenye nyumba ambaye hajabanwa na shida hukataa bei ndogo na kusubiri. Kwa hiyo bei ikishuka kwa kweli, ni dalili kwamba wauzaji wengi wamebanwa kwa wakati mmoja au wanunuzi wengi wametoweka kwa wakati mmoja. Historia ya pwani ya kusini ina mifano kadhaa ya mibano hiyo.

Mwaka 1988 kiwanda cha sukari cha Ramisi, kusini mwa Msambweni, kilifungwa. Mji uliojengwa kwa kutegemea mwajiri mmoja ulibaki na majengo lakini bila mishahara. Mnamo Agosti 1997 yalizuka machafuko ya Likoni, ambayo wengi huyaita ya Kaya Bombo. Watu wengi wenye asili ya bara walikimbia Likoni, Ukunda na sehemu za jirani, na utalii ukaporomoka. Mwezi Mei 2014 Uingereza iliwatahadharisha raia wake dhidi ya kuzuru sehemu za pwani, na kampuni za utalii zikawarudisha kwao wageni waliokuwa tayari Mombasa. Tahadhari hiyo ililegezwa Juni 2015, lakini katika kipindi hicho hoteli kadhaa za pwani zilifunga milango. Mwezi Machi 2020 safari za ndege za kimataifa zilisimamishwa kwa sababu ya maradhi ya korona na hazikurejea hadi Agosti. Hatimaye, Desemba 2024, kampuni ya Base Titanium ilikomesha uchimbaji wa madini Kwale baada ya takriban miaka kumi na moja.

Katika kila tukio kati ya hayo, aliyeweza kununua kwa bei ya kutupa hakuwa mhudumu wa hoteli wala mchimbaji. Mwenye nyumba aliyempangisha mfanyakazi wa mgodi humpoteza mpangaji pale pale mfanyakazi anapoipoteza kazi. Yule wa kwanza sasa anataka kuuza. Yule wa pili, ambaye huenda alikuwa akiweka akiba ili anunue, sasa anaila akiba hiyo. Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Anayenufaika ni mtu wa tatu, ambaye kipato chake hakitoki mahali palipoumia: mfanyabiashara wa mji mwingine, Mkenya aliye ng'ambo anayetuma fedha za kigeni, au mtu aliyekwisha kumiliki nyumba na ambaye huongeza ya pili na ya tatu.

Hesabu ya mkopo

Hoja ya pili inahusu bei ya fedha yenyewe. Asiye na fedha taslimu hainunui nyumba kwa bei yake. Huinunua kwa malipo ya awali, yaani arubuni, na kwa malipo ya kila mwezi. Hivyo basi, kinachopasa kulinganishwa si bei ya jana na ya leo pekee, bali pia arubuni na malipo ya mwezi ya jana na ya leo.

Chukua mfano wa hesabu tu. Nyumba inauzwa shilingi milioni 3. Mnunuzi anatoa arubuni ya asilimia 10, yaani shilingi 300,000, na kukopa milioni 2.7 kwa miaka 20 kwa riba ya asilimia 9 kwa mwaka. Malipo yake ya mwezi yatakuwa kama shilingi 24,300. Sasa mambo yaharibike. Bei ishuke kwa asilimia 20 hadi milioni 2.4, riba ipande hadi asilimia 15, na benki, kwa kuhofia kwamba bei itazidi kushuka, idai arubuni ya asilimia 20. Arubuni sasa ni shilingi 480,000. Mkopo ni milioni 1.92, lakini malipo ya mwezi ni kama shilingi 25,300. Nyumba imepungua bei kwa shilingi 600,000, na bado mnunuzi anatakiwa kutoa shilingi 180,000 zaidi mwanzoni na takriban shilingi 1,000 zaidi kila mwezi kwa miaka 20. Kwa maana ya kwanza ya neno, nyumba hii imekuwa rahisi. Kwa maana ya pili imekuwa ngumu zaidi.

Mfano huu hauko mbali na hali halisi ya Kenya. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria iliyoweka kikomo cha riba, asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Benki nyingi zilijibu kwa kuwanyima mikopo waliohesabiwa kuwa hatari, na kikomo hicho kikaondolewa Novemba 2019. Februari 2024 Benki Kuu ilipandisha kiwango chake hadi asilimia 13, kabla ya kuanza kukiteremsha Agosti mwaka huo huo. Kufikia mwisho wa mwaka 2023 mikopo ya nyumba katika benki zote nchini ilikuwa takriban 30,000 tu, katika taifa ambalo sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 47. Wastani wa mkopo mmoja ulikuwa zaidi ya shilingi milioni 9, na wastani wa riba kadiri ya asilimia 14. Takwimu hizo zinaonyesha wazi kwamba mkopo wa nyumba wa benki haukukatwa kwa kipimo cha mkazi wa Kona ya Musa.

Sheria ya Ajira nayo humtaka mwajiri amwachie mfanyakazi angalau theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato yote. Kanuni hii ni ya huruma, na ni ya busara pia. Hata hivyo, mhudumu ambaye tayari analipa mkopo wa karo kupitia mshahara wake hufika ukingo huo mapema, hata kabla ya nyumba kutajwa.

Riba, rehani na dhamiri

Msamiati wa mikopo katika Kiswahili haukuingia mikono mitupu. Maneno riba, rehani, dhamana na arubuni yote yana asili ya Kiarabu, na yalibeba pamoja nayo mjadala wa kisheria na kidini. Kwa Mwislamu wa Kona ya Musa riba si jina tu la gharama ya mkopo. Ni jina la jambo lililoharamishwa. Akiambiwa kwamba riba imeshuka kutoka asilimia 14 hadi 9, hajaambiwa kwamba kizuizi kimeondoka.

Benki zinazofuata kanuni za Kiislamu zilianza shughuli nchini Kenya mwaka 2008. Katika utaratibu wa murabaha benki hununua mali kisha kumuuzia mteja kwa faida inayojulikana tangu mwanzo, naye hulipa kwa awamu. Katika musharaka wa kupungua, benki na mteja humiliki nyumba pamoja, na mteja hununua fungu la benki kidogokidogo hadi nyumba iwe yake yote. Taratibu hizi hutatua suala la dhamiri. Hata hivyo, hazimwondolei mteja haja ya arubuni, ya kipato cha kudumu na ya hatimiliki safi.

Kununua na kujenga

Ipo sababu nyingine, na pengine ndiyo kubwa zaidi, inayofanya habari za bei kushuka zisimfikie mnunuzi wa kwanza wa pwani ya kusini. Katika lugha ya kawaida ya hapo, mtu hasemwi kwamba "amenunua nyumba" bali "amejenga". Mtu mwenye kipato kidogo hununua kiwanja, aghalabu cha futi 50 kwa 100 au kipungufu cha hicho, kisha hununua mawe ya matumbawe yanayokatwa katika machimbo ya Kwale, akayapanga kiwanjani na kusubiri. Mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, kisha mabati ya chumba kimoja, na familia huhamia humo huku vyumba vingine vikiwa bado wazi juu. Haba na haba hujaza kibaba.

Mjenzi wa namna hii hakopi benki. Hutegemea chama cha kuchangiana, au chama cha akiba na mikopo ambacho aghalabu humkopesha hadi mara tatu ya akiba yake kwa kudhaminiwa na wenzake. Kwake yeye soko la nyumba zilizokamilika linaweza kuporomoka bila kumsaidia kwa lolote, kwa kuwa hanunui humo. Anachonunua ni kiwanja, saruji, nondo, mabati na kazi ya fundi. Bei ya saruji na nondo haijui kwamba hoteli za Diani zimefungwa, kwani inategemea viwanda, mafuta na thamani ya shilingi. Kiwanja nacho kina mkondo wake. Barabara ya Dongo Kundu, iliyokamilika mwaka 2024 na kuiunganisha pwani ya kusini na Mombasa magharibi bila kivuko cha Likoni, inawapa matumaini wenye viwanja hata pale ambapo wenye nyumba za kupangisha wanalalamika. Hivyo huenda nyumba zikashuka bei na viwanja vikapanda katika mtaa mmoja na mwaka mmoja.

Hati, urithi na nyumba isiyo na ardhi

Bei ndogo ya nyumba pwani inaweza pia kuwa na sababu isiyo ya kiuchumi kabisa. Kuna utaratibu mkongwe wa pwani ambapo mtu humiliki nyumba juu ya ardhi ya mtu mwingine na kumlipa kodi ya ardhi. Nyumba ya aina hiyo huuzwa, hurithiwa na hupangishwa, lakini haibebi ardhi iliyo chini yake. Mgeni anayeambiwa na dalali kwamba nyumba "imeshuka" anaweza kugundua baadaye kwamba alichonunua ni kuta na paa.

Aidha, ipo ardhi ya familia ambayo hati yake bado ina jina la babu aliyekwisha kufariki. Miongoni mwa Wadigo urithi wa kale ulipitia upande wa mama, kutoka kwa mjomba hadi kwa mpwa, na baadaye sheria ya Kiislamu ikaupa nguvu upande wa baba na watoto. Mifumo hiyo miwili ikikutana juu ya kiwanja kimoja, warithi huwa wengi na madai huwa zaidi ya moja. Mirathi ya Waislamu husikizwa na Mahakama ya Kadhi, na kabla ya kugawanywa hakuna mrithi anayeweza kumpa mnunuzi hati kamili. Aliye na haraka huuza fungu lake kwa bei ndogo. Punguzo hilo ni ujira wa hatari, na mnunuzi wa kwanza, ambaye ana akiba moja tu ya maisha, ndiye asiyeweza kuibeba hatari hiyo. Mwekezaji mwenye viwanja vitano akipoteza kimoja hubaki na vinne.

Kwa mali yenye hati safi, gharama za uhamisho nazo hazishuki hadi sifuri. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani katika maeneo ya miji na asilimia 2 mashambani, mbali na ada ya wakili na ya upimaji. Ushuru huo hutakiwa taslimu.

Mafunzo kutoka nje

Jambo hili si la pwani ya Kenya pekee. Nchini Uingereza bei za nyumba zilishuka kwa kadiri ya asilimia 15 hadi 20 kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2009. Ingetarajiwa kwamba wanunuzi wa kwanza wangemiminika. Kinyume chake, idadi yao kwa mwaka ilianguka hadi chini ya 200,000 mwaka 2008, kwa sababu benki zilizokuwa zikikopesha bila arubuni yoyote zilianza kudai arubuni kubwa. Nchini Ireland bei zilishuka kwa takriban nusu kati ya 2007 na mwanzo wa 2013. Katika kipindi hicho hicho ukosefu wa kazi ulipanda hadi kadiri ya asilimia 15, na vijana wengi ambao wangenunua nyumba hizo walihama nchi kutafuta kazi. Tofauti ni kwamba kijana wa Ireland alipoteza kazi katika nchi yenye malipo ya wasio na kazi. Kijana wa Kona ya Musa huipoteza na kurudi kulala kwa ndugu.

Nafasi ya serikali

Serikali ya Kenya imejaribu kulegeza baadhi ya mafundo haya. Kampuni ya Kenya Mortgage Refinance, iliyopewa leseni na Benki Kuu mwaka 2020, huzipa benki na vyama vya akiba fedha za muda mrefu ili vikopeshe kwa riba nafuu. Sheria zilirekebishwa mwaka 2018 kumsamehe ushuru wa stempu mnunuzi wa kwanza anayenunua chini ya mpango wa nyumba za bei nafuu. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 inamtoza mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara ghafi, na mwajiri naye kiasi kama hicho.

Hatua hizi zimelenga zaidi nyumba iliyokamilika na mnunuzi mwenye mshahara wa kudumu. Mhudumu wa msimu hukatwa ada hiyo katika miezi anayofanya kazi, lakini arubuni na malipo ya kila mwezi humngoja hata katika miezi asiyofanya kazi. Iwapo lengo ni kumfikia mtu huyo, itafaa malipo ya mkopo yafuate msimu: makubwa wakati wa kaskazi, madogo wakati wa masika. Itafaa pia mikopo midogo ya msingi, kuta na paa ihesabiwe kuwa mikopo ya nyumba, na mirathi iliyokwama ipewe msaada wa kisheria ili ardhi ya familia ipate hati kabla ya kuuzwa kwa shida.

Hitimisho

Je, mnunuzi wa kwanza wa Kona ya Musa anaweza kumudu nyumba katika soko linaloshuka? Yupo anayeweza. Mwalimu au muuguzi aliyeajiriwa na umma, ambaye mshahara wake haukuguswa na kilichoshusha bei, ambaye ana arubuni mkononi na ameonyeshwa hati isiyo na mgogoro, anaweza kupata katika mwaka mbaya nyumba ambayo asingeipata katika mwaka mzuri. Masharti hayo matatu ni lazima yakutane kwa mtu mmoja. Kwa mhudumu wa hoteli, fundi, au kijana aliyekuwa mgodini, sharti la kwanza huvunjika siku ile ile bei inapoanza kushuka.

Kwa hiyo, taarifa kwamba nyumba zimekuwa rahisi haina budi kufuatwa na maswali: kwa nini zimeshuka, ni nani bado ana kipato, na ni nani aliyeshika fedha taslimu? Bila maswali hayo, kinachoitwa nafuu kwa wanunuzi wa kwanza huwa ni uhamisho wa nyumba kutoka kwa waliobanwa kwenda kwa waliokwisha kujaliwa, na wajukuu wa wenye ardhi hubaki wapangaji katika mtaa waliozaliwa.